Ukurasa wa Badami

Shangazi Bilkisi alipanda paani kwetu Jumatatu asubuhi na sinia la njegere ubavuni, akajikunja kwenye mkeka pale jua lilipokuwa limeanza kuutoboa ukungu, na kabla hajapasua ganda hata moja akaniambia kwamba Apa Kudsia anaroga.

"Anamroga nani?"

"Farasi."

Nilicheka mpaka mwanangu mdogo aliyekuwa ananyonya akaachia titi akanitazama.

"Cheka, binti, cheka. Meno hayalipiwi." Akatia mkono chini ya shali lake, akatoa kifurushi cha karatasi za manjano. "Nimezikuta kwenye kisanduku cha nguzo."

Kile kisanduku cha kijani kilichofungwa kwenye nguzo ya umeme ni cha karatasi zenye maneno matukufu, hata zenye herufi zake tu, zisije zikakanyagwa. Mtu hutia. Hatoi.

"Shangazi! Umezitoa?"

"Nimezitoa wapi? Zilikuwa zinachungulia. Haya soma, wewe uliyefika darasa la tano. Macho yangu mimi marehemu mume wangu alizikwa nayo."

Nikasoma. Karatasi nane, mwandiko mmoja, herufi zimelala vizuri kama nywele zilizopakwa mafuta. Kila karatasi ilianza na mto Ravi uliofurika, na tarishi wa mfalme mgongoni mwa farasi wake aitwaye Badami. Na kila karatasi ilikatika mstari wa kumi na tano, mahali pale pale: Badami akainua kichwa juu ya maji. Baada ya hapo kulikuwa na mkwaruzo mnene wa wino, kama mtu aliyebamiza mlango.

"Mwenye akili timamu huandika jambo moja mara nane?" Shangazi Bilkisi akauliza. "Hiyo ni talasimu. Na farasi wa Bashiri mwenye mkokoteni anachechemea tangu Ijumaa."

"Farasi wa Bashiri ana miaka ishirini, Shangazi."

"Basi ndio wepesi kurogeka hao."

Kufika adhuhuri muuza maziwa alikuwa ameshaniuliza kama ni kweli. Nilimwambia sijui, na kweli sikujua. Nilichojua ni kwamba kwa siku kumi nilikuwa namsikia Apa Kudsia ukutani. Nyumba yake na yetu zinagawana ukuta mmoja, wa matofali membamba ya zamani, na ukuta huo hausitiri kitu. Nilimsikia akishuka ngazi, akipanda, akifungua bomba, akilifunga, akikohoa bila kikohozi. Mtu aliyekaa peke yake miaka yote hiyo kwa utulivu wa paka, ghafla hatulii.

Apa ni dada mkubwa, na mtaani kwetu kila mtu humwita hivyo, hata watoto ambao kwa umri ni wajukuu zake. Hakuolewa. Baba yake, Munshi Rahmatullah, alikuwa mwandishi wa hati: zamani kabla ya kompyuta vitabu vyote vya huku vilikuwa vinaandikwa kwanza kwa mkono na watu kama yeye, ukurasa kwa ukurasa, kwa kalamu ya tete, ndipo vinakwenda mtamboni. Baba alipofariki, Apa aliandika kadi za arusi. Kadi za arusi nazo zilipochukuliwa na kompyuta, akawa anashona foronya na kufundisha wasichana mwandiko.

Mimi ni mmoja wa wasichana hao. Siku wenzangu walipokwenda darasa la sita na mimi nikabaki, alinikuta nimekaa kwenye ngazi za nje nikijifanya nahesabu njiwa. Hakuniuliza kitu. Aliingia ndani akarudi na kibao cha mbao, kimepakwa udongo mweupe na bado kibichi, akanipakatisha. "Kikikauka tuandike," akasema. Tulikaa pale tukikingoja kikauke. Nina watoto wawili sasa, na kila nikiona udongo mweupe nakumbuka vile vidole vyake vyenye wino, na kwamba hakunitazama usoni wakati nalia.

Basi siku ile nilipakua halua ya karoti kwenye bakuli, nikambeba mdogo, nikamshika mkono binti yangu Ariba wa miaka minane, tukavuka ule ukuta mfupi wa paani. Zile karatasi nane nilizificha kifuani.

Apa Kudsia alikuwa anazunguka. Kulikuwa na meza yake fupi ya kuandikia juani, mto wa kukalia, kidau cha wino, na vikombe vitatu vya chai, vyote vimejaa, vyote vimepoa na kufanya utando. Pembeni palikuwa na kitabu kikuukuu kisicho na jalada.

"Umeleta halua," akasema. "Weka hapo. La, weka kule. Kaa. Umekunywa chai? Ngoja nikuwekee."

"Apa, chai ipo tatu."

Akavitazama vikombe kana kwamba vimeletwa na mtu mwingine. Nikamrudishia karatasi zake. Hakuuliza zimetoka wapi.

"Bilkisi," akasema tu.

"Anasema unaroga farasi."

Nilidhani atacheka. Alikaa chini, kisha akasimama tena. "Safari hii Bilkisi hajakosea sana."

Hapo ndipo aliponieleza habari ya kitabu. Wiki mbili nyuma alikuja kijana mmoja, Tasaduki, ambaye babu yake alikuwa na duka la kuchapa vitabu huko sokoni. Kijana amerithi duka na ameamua kuvichapa upya vile vitabu vya zamani vya watoto, visa vya mashujaa na misafara na ngome, ambavyo baba zetu walivikodi kibandani kwa siku na kuvisoma chini ya shuka. Hataki kuvipiga kompyuta. Anavipiga picha vile vile, na mwandiko wake wa mkono, maana anasema watoto waone jinsi kitabu kilivyokuwa. Cha kwanza ni hiki cha tarishi wa Ravi. Amezunguka Lahore nzima kukitafuta akapata nakala tatu, na zote tatu zimechanwa karatasi moja, ile ile, ukurasa wa mia na kumi na tatu na wa nyuma yake.

"Wenye nakala wote watatu wameichana?" nikauliza.

"Upande wa nyuma ulikuwa na picha ya farasi anaruka mtoni. Watoto waliichana wakabandika ukutani. Ungekuwa wewe ungeichana?"

"Mimi ningeichana."

"Haya." Kwa mara ya kwanza akatabasamu, halafu tabasamu likatoweka. "Sasa anataka mtu wa kuandika ukurasa huo upya kwa mwandiko ule ule, usijulikane. Alikuja kuuliza kama baba aliacha mwanafunzi. Nikamwambia aliacha mmoja."

Akanifungulia kile kitabu kwenye ukurasa wa mwisho. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa: kwa kalamu ya Munshi Rahmatullah. Nilitazama ule mwandiko, nikatazama karatasi zake za manjano, nikamtazama yeye.

"Ni wewe," nikasema.

"Baba macho yalikwishaingia ukungu. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nani angepokea kitabu kwa mkono wa msichana?" Akasema hivyo kama anavyosema mtu bei ya vitunguu, akasimama tena.

Sikuelewa basi taabu iko wapi. Kama yeye ndiye aliyeandika mara ya kwanza, aandike mara ya pili. Nilikuwa karibu kumwambia hivyo, lakini Ariba alikuwa amekwishakivuta kile kitabu mapajani na kuanza kusoma. Ariba hasomi kitabu kuanzia mwanzo. Hufungua popote, kama mtu anayeingia sinema kwa mlango wa nyuma.

"Apa," akaita. "Huyu mtu mbona amebeba hatamu na hana farasi?"

Apa Kudsia aliacha kuzunguka.

"Hapa yumo mtoni na farasi wake. Halafu karatasi haipo. Halafu hapa anakwenda Multan kwa miguu, hatamu ipo begani. Siku tatu amebeba hatamu! Hapa analala, ameiweka chini ya kichwa. Farasi wake yuko wapi?"

"Ameogelea akaingia kwenye matete ng'ambo," Apa akasema. "Hivyo ndivyo ulivyosema ule ukurasa."

"Na hatamu?"

"Na hatamu yake mdomoni."

"Sasa hii ya begani ni ya nani?"

Niliona uso wa Apa ukibadilika. Mtoto wa miaka minane alikuwa amemfikisha ukutani. Akavuta mto wake, akaketi, na safari hii hakusimama.

"Miaka hamsini iliyopita watoto waliuliza hivyo hivyo," akasema. "Walikuwa wanaandika barua dukani. Babu yake Tasaduki akacheka, akasema ni uzembe wa mwandishi. Haukuwa uzembe wa mwandishi. Nilimwokoa mimi."

"Nani?"

"Farasi. Kwenye maandishi ya mtunzi, Badami anakufa."

Mtunzi alikuwa Mwalimu Hashmati, mwalimu wa shule, mtu mrefu asiyesema sana. Karatasi zake zililetwa kwao zimefungwa kwa kitambaa, na Apa akaandika kurasa mia na kumi na mbili bila kukosea nukta. Kisha akafika mahali pale. Alikuwa ameishi na farasi yule miezi miwili. Alilia, akaosha uso, akarudi mezani, na mkono ukaandika mambo mengine. Badami akainua kichwa juu ya maji, akaogelea, akaingia kwenye matete, akaokoka. Mistari sita ya mwalimu ikatoka, mistari sita yake ikaingia, ukurasa ukajaa sawasawa, baba akaupitishia kidole asione kitu. Zilizofuata aliziandika kama zilivyo. Habari ya hatamu hakuifikiria. Alikuwa mtoto.

"Kitabu kilipotoka, mwalimu alikuja hapa hapa. Baba alimwekea chai. Akafungua ukurasa ule, akasoma. Nilikuwa nyuma ya pazia. Akafunga kitabu, akamshukuru baba, akaondoka. Chai hakuigusa. Na tangu siku hiyo hakuleta tena kitabu kwetu, na watunzi wenzake nao wakafuata."

"Hakusema kwa nini?"

"Hakusema. Baba akadhani ni macho yake. Akadhani amekosea mahali na amejulikana kuwa kipofu. Alikufa akidhani hivyo, Shagufta. Nilikuwa nampa maji, naye ananiuliza, 'Kudsia, nilikosea wapi?'"

Mdogo akaanza kulia, nikafurahi kupata cha kufanya na mikono yangu.

Baadaye kidogo akaongeza jambo moja, kama anayetafuta mwiba. Siku za mwanzo yeye ndiye aliyekuwa anapelekwa nyumbani kwa mwalimu na kurasa zilizokamilika. Sebuleni kwake hapakuwa na picha wala saa. Palikuwa na hatamu kuukuu ya ngozi imetundikwa kwenye msumari. Mwalimu alivuka kuja upande huu mwaka ule nchi ilipogawanywa mara mbili, kijana, kwa miguu.

"Niliiona mara sita," Apa akasema. "Mara sita, na nisijiulize."

Jumanne Tasaduki alikuja mwenyewe, na pikipiki yake na haraka zake. Nilikuwepo. Apa alimweleza yote akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi. Nilimhurumia kijana, alikuja kuchukua ukurasa akakuta msiba.

"Apa," akasema mwishowe, "kwa heshima zote. Baba yangu ana miaka sitini na bado anasimulia jinsi Badami alivyoingia kwenye matete. Watu watanunua kwa ajili ya farasi huyo. Mimi nimuue?"

"Alikwisha kufa, mwanangu. Mimi ndiye niliyemfukua."

"Lakini nakala za zamani zilisema kaokoka. Mimi nachapa upya, situngi."

"Mimi ndiye niliyetunga. Ndiyo nakwambia."

Alikuna kichwa. Alizunguka yeye naye; paani pale sasa palikuwa na watu wawili wanaozunguka, na Ariba katikati anageuza shingo. "Basi andika upendavyo," akasema. "Lakini Alhamisi saa sita mchana sahani za kuchapia zinapigwa, nisipopata ukurasa mitambo inapewa mtu mwingine na maonyesho ya vitabu yananipita. Na barua za watoto wakilia nitazileta hapa kwako."

"Zilete," Apa akasema. "Nazingoja tangu zamani."

Kijana aliposhuka nikadhani mambo yamekwisha. Ndipo nilipoona taabu yenyewe.

Aliketi. Akachovya kalamu. Karatasi ya manjano ilikuwa imepigwa mistari, mistari ishirini na mmoja, kama ya zamani. Mkono ukaenda: mto, mvua, tarishi, Badami. Sijapata kuona mkono mzee unaokwenda hivyo; ulikuwa mkono wa msichana. Ukafika mstari wa kumi na tano, Badami akainua kichwa juu ya maji, na mbele ya macho yangu ukaandika akaogelea. Apa akaacha kalamu kana kwamba imemwunguza.

"Umeona?" akasema. "Macho yangu yanayakumbuka maneno ya mwalimu, kila neno. Lakini mkono hauyajui. Mkono uliandika yale mengine, na huo ndio ukurasa unaoujua. Nikifika hapo unakwenda wenyewe, kama punda anayejua kwao."

"Andika polepole."

"Nikiandika polepole si mwandiko ule. Tasaduki hataki mwandiko wa bibi kizee."

Jaribio la tisa, la kumi, la kumi na moja. Kisanduku cha nguzo kilijaa. Jumatano Shangazi Bilkisi alipanda mwenyewe na pakiti ya chumvi ya kuvunjia uchawi, akanivuta pembeni, na nilipomweleza kisa akaiweka chumvi chini.

"Kumbe ni yeye," akasema. "Yule farasi. Nilikuwa nasomewa na kaka yangu. Nililia kwa furaha mimi." Kisha akafoka: "Na mbona hakuiondoa na ile hatamu? Mtu ukisema uongo, useme uumalize!"

Apa alimsikia. Alicheka, kicheko kifupi kama chafya, lakini nilikiona kikimshusha mabega. Akaniita.

"Una daftari?"

Nilikuwa na daftari la Ariba la hesabu. Nikalifungua nyuma, nikachonga penseli. Akasimama akatazama njiwa juu ya nyumba za watu, akaanza kuyasema maneno ya Mwalimu Hashmati, bila kusita, kama sura ya msahafu. Mimi nikaandika kwa mwandiko wangu wa darasa la tano, nikikosea, nikifuta. Badami hakufika ng'ambo. Alikanyaga mchanga mara moja, akapiga magoti. Tarishi alikaa naye kwenye maji ya magotini, kichwa cha farasi pajani, mpaka alipoacha kutetemeka. Kisha akamvua hatamu, akaifuta matope, akaiweka begani, akaondoka bila kugeuka nyuma, kwa sababu barua ilikuwa ya mfalme na machozi yalikuwa yake.

Nilipofika hapo penseli ilinikatika. Ariba akaniletea nyingine, akasema kwa sauti ya mtu aliyelipwa deni, "Basi ndiyo hatamu yake."

Leo ni Alhamisi. Asubuhi ukungu haujaondoka, na pikipiki ya Tasaduki inatarajiwa saa sita. Nilikuwa namsuka Ariba nywele za shule niliposikia ukuta ukigongwa mara tatu. Nikampa Shangazi Bilkisi mdogo amshike, nikavuka.

Meza ilikuwa tayari. Karatasi moja tu ya manjano, ya mwisho katika zile zilizopakwa wanga zamani ili wino usisambae. Mkono wake wa kulia aliuweka juu ya goti kana kwamba si wake, kana kwamba ni mgeni aliyeambiwa angoje. Mbele yake, mahali pangu, aliweka mto, na juu ya mto lile daftari la hesabu.

"Kaa," akasema. "Wakati ule sikuwa na mtu wa kunisomea. Nilikuwa mimi na karatasi tu, ndiyo maana nikapata nafasi ya kuyabadili."

"Apa, mimi nasoma kwa kidole. Kama mtoto."

"Ndivyo ninavyotaka. Mtu anayesoma kwa kidole haruki mstari." Akachovya kalamu, akaipangusa ncha ukingoni mwa kidau. Akaigusisha karatasini. "Nisomee kwa sauti, neno kwa neno, kuanzia mtoni. Na tukifika kwa Badami nikasimama, Shagufta, wewe usisimame."